Kondoo wa Mkono Usiogusa

Lugari,
9 Aprili 2025

Mkwe wangu Willis, baba Cindy,

Mulembe kutoka kwa watu wote wa boma hili. Mvua imefika na mahindi tumepanda. Ng'ombe mweusi amezaa ndama dume, tena dume, kana kwamba kuna mahali nilimkosea. Mwambie binti yangu Gentrix lile blanketi alilolisahau hapa nimelizoea na silirudishi. Nasikia Cindy ameng'oka meno ya mbele. Mwambie nyanya yake pia ana mapengo, kwa hivyo tuko sare.

Najua siku hizi watu wanapiga simu. Lakini mimi ni wa zamani. Mkwe hamtilii mama wa mkewe sauti sikioni, na kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, kalamu hainitishi.

Sasa neno lenyewe. Februari nilikuja Khayega kwa matanga ya dada yangu, tumbo likanishika siku ya Jumapili, nikaletwa kwenye kliniki unakofanya kazi, na hapakuwa na daktari mwingine ila wewe. Unakumbuka tulivyofanya. Ulisimama nyuma ya pazia, nesi Kageha akawa anabeba maswali yako kuniletea na majibu yangu kukurudishia, mfano wa mshenga. Alinipima presha na uzani. Nikapewa dawa za vidonda vya tumbo nikaenda zangu. Hukunigusa, maana desturi yetu haimruhusu mkwe kumgusa mama wa mkewe, na tuliachana kwa heshima.

Juzi nimeenda hospitali kubwa Eldoret, maana tumbo bado lina maneno yake. Wakataka karatasi za kliniki ya kwanza. Nilikuwa nimesindikizwa na Wangila, ndugu ya marehemu mume wangu, mtu ambaye miwani yake ni nzuri kuliko busara yake. Akaichukua karatasi akaisoma kwa sauti, benchi zima likisikia: "Tumbo limepapaswa. Ni laini, halina uvimbe wala maumivu." Chini yake jina lako.

Nikamwambia hilo halikutokea. Akasema, "Shemeji, lisemwalo lipo, na hii hata imeandikwa. Daktari hawezi andika kitu hajafanya." Basi sasa Lugari nzima inajua kwamba mkwe wangu alinipapasa tumbo, na Wangila anadai kondoo wa kutakasa boma.

Nakuuliza kama nilivyowauliza watoto wa darasa la nne. Kazi hii ameifanya nani, na mbona jibu si sahihi?

Mama yako,
Naliaka


Khayega,
2 Mei 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu sote. Nisamehe kwa kukawia. Miwa ya baba kule Butere hatimaye imekatwa, na tulikuwa huko kumsaidia. Gentrix yuko salama na duka lake la vitambaa linaenda vizuri wakati huu wa arusi. Cindy amesema mapengo yenu myapige picha pamoja.

Kuhusu karatasi, Mama, nimeona aibu mpaka nikakosa pa kuanzia. Kliniki tunatumia kompyuta. Ukimaliza na mgonjwa unabonyeza mahali pamoja na mwili mzima unajijaza wenyewe: kichwa sawa, macho sawa, kifua sawa, tumbo laini. Kama kuna kilicho tofauti, au ambacho hukukipima, unatakiwa ukibadilishe mwenyewe. Bwana Ignatius, mwenye kliniki, ndiye aliyeagiza iwekwe hivyo, kwa sababu bima hulipa zaidi kwa mgonjwa aliyepimwa mwili mzima kuliko kwa mgonjwa aliyeulizwa maswali tu. Kageha hututania, "Hii mashine inapimanga watu haraka kuliko sisi." Siku ile nilibonyeza, nikaita mgonjwa mwingine.

Ni kosa la kompyuta. Tafadhali mwelezee Mzee Wangila hivyo. Suala la karatasi nitalishughulikia, ila linahitaji wakati na utaratibu.

Umeandika kwamba tumbo bado lina maneno yake. Ni maneno gani, Mama? Linauma upande upi?

Mkwe wako,
Willis


Lugari,
20 Mei 2025

Mkwe wangu,

Mulembe. Mahindi yamefika magotini na palizi ya kwanza imekwisha. Yule ndama dume amejifunza kuingia jikoni.

Kondoo amefika. Gentrix alimtuma, naona bila kukuambia, ili aibu iishe haraka. Alishuka kwenye boda akiwa amefungwa nyuma ya kiti, anaangalia watu kwa dharau. Wangila alitoa sala ndefu, kisha yeye na wenzake wakafanya walilojia. Nami nilikunywa supu kidogo.

Umesema ni kosa la kompyuta. Nimesahihisha madaftari mengi maishani mwangu, Willis. Mtoto aliyenakili jibu la jirani hakuwahi kuniambia ni kosa la penseli.

Sikiliza jambo ambalo sikuliandika mara ya kwanza. Eldoret wanataka niingie kwenye mashine ya skani. Bima yetu ya sacco imesimamisha ruhusa. Wanasema daktari wa kwanza alipapasa tumbo akakuta halina kitu, sasa huyu wa pili anatafuta nini? Wanataka maelezo kutoka kliniki yenu kwanza. Mpaka yafike, mimi nangoja.

Upande unaouma sikutajii. Hayo si maneno ya kumwandikia mkwe.

Lakini kuna lililonikaa rohoni kuliko kondoo na kuliko Wangila. Hukuniuliza. Kageha ana mikono miwili. Angenipapasa yeye akakuletea majibu nyuma ya pazia kama alivyoyaleta yale mengine. Au ungenituma Kakamega mjini kwa daktari asiye mkwe. Na kama yote mawili yameshindikana, ungeandika tu kwamba tumbo halikupimwa. Mwalimu akikuta nafasi tupu kwenye daftari anajua hapo bado pana kazi. Akikuta tiki anapita. Wewe ulinitia tiki, na tangu hapo kila daktari anapita.

Nimekasirika, na nimeandika hivyo makusudi ili usidhani ninatania.

Naliaka


Khayega,
14 Juni 2025

Mama,

Salamu nyingi. Cindy ameota jino moja na analionyesha kila mtu sokoni. Baba anakusalimu pia.

Gentrix amerudi kutoka kwako na ameniambia usiyotaka kuniandikia. Gauni lako la kanisani limekuwa kubwa. Obusuma, ugali uupendao, unaonja tu. Supu ya kondoo ilinywewa na paka. Nililia, Mama, na sioni sababu ya kuficha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa tulikuwa tunayaficha wawili, wewe kwa heshima yako na mimi kwa woga wangu.

Siku iliyofuata nilimwendea Bwana Ignatius, nikamwambia bima inataka maelezo na mimi nataka kuyatoa. Alifunga mlango. Akasema, "Makhanu, usituletee moto. Ingia kwa hiyo faili uandike mgonjwa alikataa kushikwa tumbo. Weka tarehe ya ile siku. Mama mkwe anakataanga, hiyo kila mtu hapa anajua. Bima itaelewa na wazee watanyamaza."

Nakiri hilo lilinivuta. Wangila angetulia, skani ingepita, mimi ningebaki na kazi, na hakuna ambaye angeshuku. Niliketi mbele ya ile kompyuta nikalisoma faili lako mara kadhaa. Lakini hukukataa. Mtu hawezi kukataa alichokuwa hajaulizwa. Ningekuwa nimekusingizia uwongo wa pili ili kuufunika wa kwanza, na huu wa pili ungekuwa na jina lako.

Kwa hivyo sikufuta kitu. Utaratibu wa kazi yetu ni kwamba kilichokwisha kuandikwa kinabaki, na chini yake unaandika ukweli kwa tarehe ya siku unayoandika. Nimeandika hivi:

"Nyongeza, 10 Juni 2025. Mgonjwa huyu ni mama mzazi wa mke wangu. Siku ya ziara sikumpima tumbo, wala mtu mwingine hakumpima. Maneno ya hapo juu kuhusu tumbo yalijazwa na kompyuta na sikuyasahihisha. Mgonjwa hakuulizwa kama angekubali kupimwa. Tumbo halikupimwa. W. Makhanu."

Nakala moja nimeipeleka bima na nyingine Eldoret, kwa mkono wangu. Nilipomwambia Bwana Ignatius alininyang'anya ufunguo wa chumba, akasema nikae nyumbani mpaka atakaponiita. Bima nao hawatakomea hapo. Wataniuliza ni mafaili mangapi mengine yamejazwa hivi, nami nitawajibu. Naogopa, lakini sirudi nyuma.

Nenda kwenye skani, Mama. Usingoje mvua wala palizi.

Mkwe wako,
Willis


Eldoret,
11 Julai 2025

Mkwe wangu,

Naandika nikiwa kitandani, kwa hivyo usicheke mwandiko. Mahindi yameachwa kwa Wangila, na Mungu ayalinde.

Bima waliruhusu. Nimeingia kwenye ile mashine na wameona uvimbe kwenye kifuko cha mayai, upande wa kushoto. Haya, sasa umejua upande.

Watanipasua Jumanne. Wanasema uvimbe umekua, lakini haujashika sehemu nyingine. Ni wa namna gani watajua wakishautoa na kuupeleka maabara. Naogopa kisu, Willis. Sijamwambia Gentrix, yeye nimemwambia nina hamu ya kupumzika.

Daktari wangu ni msichana anaitwa Chepkorir, mdogo kuliko mke wako. Aliisoma nyongeza yako nikiwa mbele yake. Kisha akaosha mikono akauliza, "Mama, naweza kukushika tumbo?" Nikasema ndiyo. Ndiyo yenyewe ilikuwa hiyo tu. Nililala pale nikishangaa kwamba neno fupi hivyo lilituchukua tangu Februari.

Huyo Ignatius akikuita, usirudi kwa kupiga magoti. Na Wangila, aliposikia kwamba kumbe hukunigusa, alisema ni habari njema sana, ila kondoo harudi.

Naliaka


Khayega,
24 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Gentrix alipopiga kelele dukani wateja walidhani ni moto. Alikuwa ameletewa habari ya maabara. Si saratani. Tulifunga duka, tukachinja kuku, na mimi ambaye sikuwa na kazi nilikula mapaja yote mawili bila aibu.

Sasa za kwangu. Watu wa bima walikuja kliniki na wakaniita. Faili baada ya faili niliwaambia, hili nilipima, hili sikupima, hili sikumbuki na siwezi kusema nilipima. Bwana Ignatius aliketi kando akijifuta jasho. Wamemwamuru arudishe malipo ya vipimo ambavyo havikufanyika, na wamempa nafasi ya mwisho. Wiki mbili baadaye alikuja nyumbani mwenyewe, akanywa chai, akazungumza juu ya miwa, juu ya barabara, juu ya kila kitu. Mwishowe akasema hajapata daktari mwingine.

Nilisimama wima, kama ulivyoniagiza. Nikamwambia narudi ikiwa ule mtego kwenye kompyuta utaondolewa. Kila kiungo kianze kikiwa tupu. Aliyekipima aandike alichokuta. Kisichopimwa kiandikwe hakikupimwa, na sababu yake. Mgonjwa ambaye ni mkwe wa mtu apelekwe kwa mwingine, au aulizwe. Alisema, "Makhanu, utatufungia biashara." Nikamwambia bima italipa kazi tuliyoifanya, na kwamba kama tunataka ilipe zaidi, basi tufanye zaidi. Alimaliza chai yake, akaniwekea ufunguo mezani.

Foleni imekuwa ndefu na watu wananung'unika. Lakini wiki hii mzee mmoja wa Navakholo, nilipomwekea kifaa mgongoni kusikiliza mapafu, aligeuka akaniambia, "Daktari, hapa sijawahi sikilizwanga." Na yuko kwenye orodha yetu tangu kliniki ifunguliwe. Kwenye faili lake mapafu yalikuwa sawa kila mara.

Pumzika, Mama. Usiinue ndoo. Usimfukuze ndama.

Willis


Lugari,
28 Septemba 2025

Mkwe wangu,

Mulembe. Mahindi yanakauka vizuri, na Wangila anajisifu kana kwamba aliyaotesha kwa mdomo. Gauni la kanisani limeanza kunibana tena. Ndama nimemfukuza mara moja tu.

Eldoret wameniambia kidonda kinahitaji kuangaliwa kikishapona, na tumbo lipapaswe tena kuhakikisha hakuna kilichobaki. Wamesema daktari yeyote anayejua kazi anaweza. Nimefikiri sana, kisha nimeamua kwamba nakuja Khayega, na wewe ndiye utakayenipima. Si Kageha, ingawa awepo. Wewe.

Usianze kuandika barua ya kunipinga. Mimi ndiye mkubwa, na desturi hii ninaijua kuliko wewe. Iliwekwa ili tuheshimiane. Haikuwekwa ili nife kwa heshima. Mficha uchi hazai, na mimi nimeshazaa, nimestaafu, na nimepasuliwa mbele ya watoto wadogo wenye barakoa. Wangila nimemwambia. Akauliza kama itabidi kondoo mwingine. Nikamwambia kondoo alishaliwa, naye ndiye aliyekula mguu wa nyuma. Kilichobaki ni mkono ambao kondoo huyo aliulipia, na sasa naenda kuudai. Amekubali kusindikiza, mradi akae nje.

Ukishanipima niandikie ulichokuta, nakala yangu mwenyewe. Nataka Wangila aisome kwa sauti.

Naliaka


Khayega,
17 Novemba 2025

Mama mpendwa,

Natumai mlifika salama, na kwamba Mzee Wangila amesamehe kliniki yetu kwa kukosa viti vyenye mito. Cindy analia anataka kuja likizo kumwona ndama. Gentrix anasema blanketi ubaki nalo.

Siku ile sikuweza kusema mengi. Uliona mwenyewe. Nilinawa mikono mara mbili na Kageha akanicheka, "Daktari, hiyo maji itaisha." Kisha nikakuuliza, nawe ukanijibu kwa ile sauti ya darasani ambayo mke wangu ameirithi. Nilikuwa na hofu, na chini ya hofu nilikuwa na furaha, maana sikudhani ningepewa nafasi ya kulifanya tena jambo hili.

Hii hapa nakala yako kama ulivyoagiza. Nimeinakili ilivyo kwenye faili bila kuongeza neno. Mpe Mzee Wangila, na miwani yake.

"15 Novemba 2025. Mgonjwa ni mama mzazi wa mke wangu. Nesi Kageha alikuwepo muda wote.

Presha na uzani: vimepimwa na Kageha. Presha ni nzuri. Uzani umerudi.

Kifua: kimesikilizwa. Hewa inaingia vizuri pande zote mbili.

Macho: hayakupimwa. Mgonjwa hana lalamiko.

Magoti: hayakupimwa. Mgonjwa amesema hayo tuyaachie ziara nyingine.

Tumbo: mgonjwa aliulizwa, akakubali. Limepapaswa na mimi. Kovu limepona. Ni laini, halina uvimbe wala maumivu."

Mkwe wako,
Willis Makhanu